Kufungua Hedi Chini ya Mwembe

Kuna hukumu moja ambayo wenye magari wengi wamesomewa wakiwa kando ya barabara, boneti iko wazi na mvuke unapanda: "Bosi, hapa gasketi imeungua. Hedi lazima ishuke." Baada ya hapo mazungumzo yote huwa ya bei. Ni wachache wanaouliza gasketi imeungua sehemu gani, imeunguzwa na nini, na hiyo hedi ikishashuka itapimwa kwa kifaa gani. Maswali hayo ndiyo yanayotenganisha kazi itakayodumu miaka na ile itakayorudi kwa fundi kabla ya mwezi kwisha. Habari njema ni kwamba hayahitaji karakana yenye winchi. Yanajibika uani, chini ya mwembe, kwa mtu mwenye subira, boksi zuri la spana na msaidizi mmoja.

Gari la mfano hapa ni Toyota Corolla ya miaka ya 1990, zile AE100 na AE110, pamoja na ndugu yao Carina Ti. Nyingi zina injini za familia ya A: 5A-FE ya sentimita za ujazo 1,498 au 4A-FE ya 1,587. Bloku ni chuma cha kusubu, hedi ni alumini, valvu ni 16, bolti za kubania hedi ni kumi, na kamshafti zinazungushwa kwa mkanda wa taimingi badala ya cheni. Ni injini inayoeleweka haraka, mkono unapita karibu kila upande, na vipuri vyake havitafutwi kwa tochi: vipo Gerezani pale Kariakoo, vipo Kirinyaga Road jijini Nairobi, vipo soko la Kisekka mjini Kampala. Mwenye Land Cruiser ya 1HZ, yenye silinda sita na hedi ndefu ya chuma, asijipe moyo kwa maelezo haya. Ile hainyanyuliwi na watu wawili walioinama juu ya boneti bila mmoja wao kuuguza mgongo.

Ili kujua kwa nini hedi hupinda, inatosha kufahamu jambo moja kuhusu madini haya mawili. Alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma cha kusubu. Hedi yenye urefu wa sentimita 40 ikitoka nyuzijoto 25 hadi 105 hurefuka kwa karibu milimita 0.7, na bloku iliyo chini yake hurefuka nusu ya hapo. Gasketi iko katikati, inasuguliwa na pande zote mbili kila gari linapowashwa na kupoa, na kwa joto la kawaida huvumilia miaka mingi. Maji yakipungua, mambo hubadilika. Sehemu iliyo kati ya valvu za ekzosi hupata moto kuliko kingo, inataka kutanuka, bolti zimeibana, mwishowe alumini inalegea na kuchukua umbo jipya. Injini ikipoa, uso wa hedi si bapa tena, na gesi ya mlipuko inapata njia.

Kwa hiyo gasketi iliyoungua mara nyingi ni matokeo, chanzo kiko kwenye mfumo wa kupoza. Rejeta imeziba matope. Feni ya umeme haiwaki kwa sababu swichi yake ya joto imekufa. Pampu ya maji inavuja polepole. Au ni kifuniko cha rejeta, kipuri cha bei ndogo kuliko vyote na kinachodharauliwa kuliko vyote. Maji ya wazi huchemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam na karibu nyuzi 94 Nairobi, kwa sababu ya mwinuko. Kifuniko kizima hushika shinikizo la kama baa 0.9, na kule pwani shinikizo hilo huchelewesha maji kuchemka hadi karibu nyuzi 119. Springi ikilegea au mpira wake ukikauka, akiba hiyo yote inapotea, na dereva anaitambua hasara akiwa katikati ya mlima Kitonga na mzigo nyuma.

Hapa lazima ielezwe tabia moja ambayo imeua hedi nyingi Afrika Mashariki kwa nia njema: kung'oa thamostati. Hoja ya mafundi wengi ni kwamba nchi zetu ni za joto, kidude hicho ni cha Wazungu wenye theluji, kikitolewa maji yatapita bila kizuizi na gari halitachemsha. Kitabu cha ufundi cha Toyota kinasema kinyume: thamostati ikitolewa, uwezo wa kupoza hupungua. Sababu ni kwamba kifaa hicho kina kazi mbili. Kikifungua njia ya rejeta, upande wake wa pili hufunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Kikiondolewa, njia zote mbili zinabaki wazi, na sehemu ya maji huzunguka humohumo yakiwa bado ya moto. Mjini mtu hataona tofauti kubwa, labda ataona tu kwamba mafuta yanaliwa zaidi, kwa kuwa kompyuta ya gari inadhani injini bado ni baridi na inaendelea kumwaga petroli. Siku ya safari ndefu yenye milima ndipo deni linadaiwa. Thamostati ya injini hizi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Inajaribiwa jikoni kwa kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto. Isipofunguka, inunuliwe nyingine.

Kabla ya spana ya kwanza, ushahidi ukusanywe. Dalili zinazotajwa mara nyingi ni moshi mweupe usioisha hata injini ikishapata moto, maji yanayopungua bila kuonekana yanakovujia, hozi ya rejeta kuwa ngumu dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi, na oili iliyogeuka chai ya maziwa. Hakuna hata moja inayotosha peke yake. Ute mweupe chini ya kifuniko cha oili, kwa mfano, huweza kuwa unyevu tu wa gari linalotembea safari fupifupi msimu wa mvua.

Kipimo kinachoaminika ni geji ya kompresheni. Plagi zote nne zinatolewa, waya za kulipulia na za nozeli zinachomolewa, pedali ya mafuta inakanyagwa hadi mwisho, na msaidizi anapiga stata huku geji ikiwa imefungwa kwenye tundu la plagi. Injini nzima ya 4A-FE hutoa psi 190 hivi. Kitabu hakiruhusu ishuke chini ya 142, wala silinda moja kupishana na nyingine kwa zaidi ya 14. Silinda mbili zinazopakana zikisoma chini kwa pamoja, tuseme ya pili na ya tatu, gasketi imeungua kwenye ukuta uliopo kati yao. Silinda moja tu ikiwa chini, vijiko viwili vya oili vinamiminwa kwenye tundu lake na kipimo kinarudiwa. Namba ikipanda, tatizo ni ringi za pistoni na kushusha hedi hakutasaidia. Ikibaki palepale, ni valvu au gasketi. Kuna pia kifaa cha kupimia gesi kwenye rejeta, chenye maji ya buluu yanayogeuka manjano yakikutana na hewa ya mlipuko. Anayekosa vyote hivyo anaweza angalau kuangalia mdomo wa rejeta injini ikiwa inaanza kuwaka kutoka baridi: mapovu yasiyokoma ni habari mbaya.

Swali la pili ni la mfuko. Hedi inaweza kutengenezwa, inaweza kubadilishwa kwa hedi ya mtumba, au injini nzima ikabadilishwa, na kila njia ina mahali pake. Hedi iliyopinda kidogo bila ufa inafaa kuchongwa. Yenye ufa kati ya viti vya valvu ni afadhali iachwe; kulehemu alumini ya hedi kunawezekana, lakini anayeweza kazi hiyo barabara ni nadra na viti vya valvu lazima vichongwe upya baadaye. Hedi ya mtumba ni chaguo zuri kwa sharti kwamba inapimwa kabla ya pesa kutoka, maana iliyong'aa kwa kupigwa brashi si lazima iwe bapa. Muuzaji anayekataa rula iwekwe juu ya bidhaa yake ameshajibu swali. Injini nzima inafaa pale pistoni zimekwaruza kuta za silinda au bloku yenyewe imepinda. Ila ikumbukwe kwamba namba ya injini imechongwa kwenye bloku na imeandikwa kwenye kadi ya gari. Hedi mpya haigusi karatasi. Injini mpya inampeleka mwenye gari TRA, au NTSA kama yuko Kenya.

Vifaa si vingi. Soketi nzuri kuanzia namba 8 hadi 19, racheti yenye mpini mrefu, bisibisi, koleo la klipu za hozi. Bolti za hedi za injini hizi zina vichwa vya pembe 12 na zinataka soketi yake ya namba 10. Anayelazimisha soketi ya pembe sita ataharibu kichwa cha bolti na siku yake yote. Vinavyobaki ni vile ambavyo boksi la kawaida halina: toki renchi, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, fila geji ya kupimia mianya midogo, na rula nene ya chuma iliyonyooka kwa uhakika. Vitatu hivyo vinaazimika au kukodishwa. Bila hivyo kazi isianzwe.

Injini ilale usiku kucha ipoe. Hii si heshima ya bure. Hedi ya alumini ikifunguliwa ingali na moto inaweza kupinda mbele ya macho ya fundi hata kama ilikuwa nzima. Asubuhi, waya hasi wa betri unatolewa, kisha shinikizo la petroli linaondolewa kwenye paipu kwa kulegeza kiungo chake polepole huku kitambaa kimekizunguka. Jiko la mkaa na sigara viwe mbali na ua. Maji yanamwagwa kupitia kizibo cha rejeta na pia kile cha kwenye bloku, ambacho wengi hukisahau. Bloku isipomwagwa, hedi ikinyanyuliwa tu maji huporomokea ndani ya silinda na kuteremka hadi kwenye sampu. Kama ndani kulikuwa na kulanti, ikingwe kwenye karai na kufunikwa mara moja. Kemikali ya ethilini glaikoli ina ladha tamu, wanyama huipenda, nayo huua mbuzi, mbwa na hata mtoto anayetambaa.

Sasa ni kazi ya kumbukumbu. Simu ipige picha za kila upande kabla ya kitu kuguswa, na kila hozi na plagi ya waya ibandikwe kipande cha tepu chenye namba. Bolti ndogo zinakaa vizuri kwenye trei za mayai, kila safu na sehemu yake. Kwa bolti za hedi, mafundi makini huchora umbo la hedi kwenye boksi gumu, wakatoboa matundu kumi na kuchomeka kila bolti mahali ilipotoka. Kwenye 4A-FE uangalifu huo una sababu ya ziada: bolti zina urefu wa aina mbili, milimita 90 upande wa kuingizia hewa na milimita 108 upande wa ekzosi. Ndefu ikiwekwa pa fupi inaweza kugonga chini kabla haijabana chochote, na toki renchi itadanganya kwamba kazi imekamilika.

Taimingi iwekwe kabla ya mkanda kutolewa. Puli ya krenkishafti inazungushwa, kwa mwelekeo wake wa kawaida, mpaka alama yake iangukie sifuri kwenye kava, na tundu dogo la puli ya kamshafti lilingane na alama yake. Zisipolingana kwa pamoja, silinda ya kwanza iko kwenye mzunguko usio wake, na krenki inazungushwa tena duara moja kamili. Dereva wa baadaye atashukuru kama mkanda, tenshena na sili za mafuta zitabadilishwa palepale, kwa kuwa njia imeshafunguliwa. Gari lenye distribyuta linapigwa alama ya rangi kwenye mwili wa distribyuta na hedi, pamoja na upande rota ilikoelekea.

Kamshafti ni mahali ambapo watu wazoefu huumia. Mkanda huzungusha kamshafti moja tu. Ya pili huzungushwa na gia, na mojawapo ya gia hizo imeundwa kwa vipande viwili vyenye springi kati yao ili isipige kelele. Vipande hivyo vifungwe pamoja kwa bolti ndogo ya milimita 6 kabla kamshafti haijatoka, vinginevyo springi itafyatuka na kuirudisha itakuwa shughuli. Vifuniko vya kamshafti vilegezwe kidogokidogo, robo mzunguko kwa kila bolti, kwa awamu kadhaa. Shafti ikiinuka upande mmoja huku upande wa pili bado umebanwa na springi za valvu, itavunja kiti chake ndani ya alumini, na hapo hedi iliyokuwa inatengenezeka inageuka chakavu. Kila kifuniko kina namba na mshale. Havibadilishani nafasi.

Bolti za hedi nazo zina utaratibu wake: kulegeza huanzia pembeni kuelekea katikati, kwa awamu. Zikishatoka zote hedi huwa bado imeng'ang'ania, na hapo ndipo bisibisi huchomekwa kati ya nyuso mbili kwa hasira. Isichomekwe. Kovu la bisibisi kwenye alumini ni mfereji wa maji wa kesho. Kipande cha mti na nyundo ya mpira kwenye masikio ya hedi vinatosha kuistua, kisha watu wawili wanainyanyua wima kutoka kwenye pini zake na kuilaza juu ya mbao.

Gasketi ya zamani isitupwe. Imulikwe vizuri, kwa kuwa ndiyo shahidi. Mstari mweusi uliokatiza kati ya matundu mawili unathibitisha kile geji ilichosema. Kutu na mwozo kuzunguka matundu ya maji ni alama ya gari lililokunywa maji ya kisima miaka mingi. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina chumvi, na chumvi hula alumini. Silinda moja yenye pistoni safi kupita zile nyingine imekuwa ikioshwa kwa mvuke, maana yake maji yalikuwa yanaingilia hapo.

Ndipo rula inachukuliwa. Uso wa hedi ukishasafishwa, rula inasimamishwa kwa ukingo wake kwa urefu pande zote mbili, kwa upana miisho yote miwili, halafu kwa mshazari kutoka kona hadi kona. Kila mara jani la fila geji la milimita 0.05 linajaribiwa chini yake. Likipita popote, hedi imepinda kuliko Toyota inavyoruhusu. Bloku inapimwa kwa namna hiyohiyo na kwa kikomo hichohicho. Hatua hii huchukua robo saa, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Fundi hupitisha kiganja, anasema "iko poa," gasketi mpya inawekwa juu ya hedi iliyopinda, na baada ya wiki kadhaa mwenye gari anaambiwa gasketi ilikuwa feki.

Gasketi feki zipo, ni kweli. Lakini zinasingiziwa sana.

Kuanzia hapa hedi inaondoka uani. Kuna kazi ambazo nyumbani hazifanyiki, na kujua mipaka yake ni sehemu ya ufundi. Karakana ya injini itaipima hedi kwa shinikizo, ikiwa imezibwa matundu na kuzamishwa kwenye maji ya moto ili ufa uonyeshe mapovu. Itachonga uso kwa mashine, na mwenye gari asisitize kitolewe kiasi kidogo kabisa kinachohitajika. Kila sehemu ya milimita inayotolewa hupandisha kompresheni na kusogeza kamshafti karibu na krenki, hivyo taimingi ya valvu inachelewa kidogo. Wanaosugua hedi kwa msasa juu ya kioo cha dirisha wanapata uso unaong'aa, ila kona zake zimeliwa kuliko katikati. Palepale karakanani valvu zikaguliwe, zisagwe kwenye viti vyake na kuwekewa sili mpya. Hedi ikirudi, kuna jaribio la bei ya kibaba cha mafuta ya taa: hedi inalazwa kwa mgongo, plagi zimefungwa, mafuta ya taa yanamiminwa juu ya valvu. Yakitokea kwenye matundu ya manifoldi, valvu hazikai sawasawa na kazi irudishwe.

Wakati hedi iko safarini, bloku inasafishwa. Silinda zijazwe vitambaa safi, njia za oili na maji zizibwe. Mabaki ya gasketi yatolewe kwa kikwaruzi cha plastiki au wembe ulioshikwa kwa ulalo, pamoja na dawa ya kulainisha. Zile diski za msasa zinazozungushwa na drili zinavutia kwa kasi yake, lakini unga wake ni mgumu kuliko beringi za krenki. Ukiingia kwenye oili, injini hufa kwa ugonjwa mwingine kabisa. Matundu kumi ya bolti yasafishwe hadi chini na kukaushwa kwa hewa. Tundu lenye maji au oili iliyotuama ni hatari, kwa sababu kimiminika hakigandamizwi: bolti ikishuka kwa nguvu inaweza kupasua bloku.

Injini zenye bloku ya alumini zina kisa chao hapa. Kwenye 2AZ-FE, inayopatikana ndani ya Harrier, Ipsum na Alphard nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, thredi za bolti za hedi, hasa za upande wa nyuma, zinajulikana kwa kung'oka. Dalili ni bolti inayozunguka bila kukaza. Kubadilisha hedi au gasketi bila kutia vikuku vya chuma kwenye thredi hizo ni kupoteza pesa, na kutoboa bloku wima kwa usahihi ni kazi ya karakana. Wenye dizeli nao wana jambo lao: 1KZ-TE ya Prado na Hilux Surf, ambayo hedi yake ya alumini ina sifa mbaya ya kupasuka, huuziwa gasketi za unene tofauti, na unene huchaguliwa kwa kupima pistoni inatokeza kiasi gani juu ya bloku. Anayenunua gasketi ya dizeli kwa kutaja jina la gari tu anacheza kamari.

Kurudi kwenye Corolla: gasketi mpya inalala kavu, bila silikoni, tundu lake la oili likiwa juu ya tundu la oili la bloku. Hedi inashushwa wima kwenye pini zake. Bolti, ambazo ni busara ziwe mpya, zinapakwa oili kidogo sana kwenye thredi na chini ya kichwa. Oili hiyo si mapambo. Katika kukaza bolti yoyote, takriban asilimia 90 ya nguvu huishia kwenye msuguano, na kinachobaki tu ndicho kinachobana. Bolti kavu na bolti yenye oili, zikikazwa kwa nguvu ileile, zitabana kwa viwango tofauti kabisa, na hedi itakaa upande.

Ndiyo maana Toyota haikuishia kwenye nguvu pekee. Kwanza bolti zote kumi zinakazwa kwa nyutoni-mita 29, kuanzia katikati kwenda nje kwa msalaba, kwa awamu mbili au tatu. Hicho ni kiasi kidogo, na fundi aliyezoea kukaza "mpaka ilie" huona kama mzaha. Kisha kila kichwa cha bolti kinawekwa nukta ya rangi upande wa mbele ya injini, na zote zinazungushwa nyuzi 90 kwa mpangilio uleule. Halafu nyuzi 90 nyingine. Mwishoni nukta zote zinatazama nyuma ya injini, na yeyote anayepita anaweza kuhakikisha kwa jicho. Baada ya hapo zisiguswe tena. Ile desturi ya kurudia kukaza hedi baada ya siku chache ni ya injini na gasketi za zama nyingine.

Kamshafti zinarudi kwa upole uleule zilivyotoka, zikiwa na oili ya kutosha. Nafasi ya valvu inapimwa injini ikiwa baridi. Upande wa kuingizia hewa ni milimita 0.15 hadi 0.25, na kwa kuwa viti vya valvu vimeguswa karakanani, uwezekano wa kuhitaji vipande vya kurekebishia ni mkubwa. Mkanda ukishafungwa, krenki inazungushwa kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili. Alama zikirudi kulingana, vizuri. Mkono ukikutana na kitu kigumu, usilazimishwe. Stata ingelazimisha.

Oili ya zamani inamwagwa yote na filta inabadilishwa kabla ya kuwasha, hata kama inaonekana safi, kwa sababu matone ya maji yaliyoingia wakati wa kufungua ni adui wa beringi. Oili chafu isimwagwe mtaroni. Kulanti mpya, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, inajazwa taratibu. Thamostati iwe imefungwa kile kivalvu chake kidogo kinachocheza kikiwa juu, ili hewa ipate pa kutokea, na hita ya ndani ifunguliwe hadi mwisho wa moto. Gari linawashwa kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, mapovu yanatoka, maji yanashuka, yanaongezwa. Dakika za kwanza kutakuwa na moshi na harufu ya kuungua, oili iliyodondokea ekzosi inakauka. Kinachopaswa kuonekana kabla ya kufunga boneti ni feni: iwake yenyewe, izime yenyewe, angalau mara mbili.

Safari ya kwanza iwe ya mtaani, isiyo na mlima. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, kifuniko kinafunguliwa na kiwango cha maji kinaangaliwa. Kupungua kidogo siku mbili za mwanzo ni hewa iliyokuwa imejificha. Kikiendelea kupungua siku ya tatu na ya nne, klipu za hozi na pampu ya maji zikaguliwe kwanza, kisha geji ya kompresheni irudi kwenye matundu ya plagi na namba zake zilinganishwe na zile zilizoandikwa kabla ya hedi kushuka. Baada ya kilomita mia chache oili inabadilishwa kwa mara ya pili.